Oveni ya Hajati

Mwishoni mwa Ramadhani moja, nikiwa bado najifunza kazi Kampala, Hajati mmoja wa Kisenyi alimpigia simu Mzee, bosi wangu. Oveni ya gesi aliyotumiwa na bintiye kutoka Marekani ilikuwa imegoma, na oda za keki za Idi zimeshamjaa. Fundi mwingine alikwishamwekea valvu mpya ya kufungulia gesi kwa hela nyingi, na bado haikupika.

Mzee aliniambia nilale sakafuni nichungulie chini, kisha akawasha. Kiwashio kikaanza kuiva, kwanza chekundu hafifu, halafu rangi ya chungwa. Kikaganda hapo. Gesi haikutoka hata harufu.

“Si mnaona kinawaka?” Hajati akasema. “Ndiyo maana yule kijana akasema valvu.”

“Kuwaka kinawaka, Hajati. Ila hakijashiba umeme.”

Kwenye oveni za aina ile, umeme unaopita kwenye kiwashio ndio huo huo unaopita kwenye valvu. Kiwashio ni kauri ya silikoni kabaidi: kikipata moto, ukinzani wake, yaani jinsi kinavyozuia umeme, unashuka, umeme unazidi kupita. Ukifika ampia 3 na kitu, kibati ndani ya valvu kinapinda na kuachia gesi, nayo inakuta kiwashio kimeshapita nyuzi joto 1,000. Kikichakaa, ukinzani unapanda. Kitang'aa, lakini valvu haitafunguka. Aliyebuni mpango huo alikuwa na akili sana, kwa sababu kwa kawaida kiwashio kibovu hakimwagi gesi jikoni kwa mtu.

Mzee alianza na transfoma, maana umeme wetu ni volti 240 na oveni inataka 120, na transfoma dhaifu huleta dalili hizo hizo. Ilikuwa nzima. Akabana mita kwenye waya wa kiwashio: ampia 2.6.

Tulikuwa na kiwashio kizima, tulichokitoa kwenye oveni mbovu. Nikanyoosha mkono.

“Shika kwenye kitako! Mafuta ya vidole yanakiua.”

Kilikuwa cha kijivu, kinakwaruza, chepesi ajabu, na kinavunjika ukikigongesha tu. Mzee alisema ni dawa ile ile ya mawe ya kusagia vyuma kule Katwe, na kweli Norton ya Massachusetts, iliyovitengeneza viwashio hivyo, ilijulikana kwanza kwa mawe ya kunolea.

Tulipokifunga kikapanda hadi kukaribia weupe. Mita ikasoma 3.4, na mara moto wa buluu ukakimbia kwenye bomba lote la moto.

Hajati hakushangilia. Aliuliza valvu yake ya zamani ilikuwa na kosa gani. Mzee akamwambia haikuwa na kosa lolote. Basi akachukua simu, akampigia yule kijana, akamwambia ailete valvu hiyo pamoja na hela zake kabla ya futari.