Ngozi ya Pili

Tukuyu, Jumapili jioni. Manyunyu tangu alfajiri, Mlima Rungwe hauonekani kabisa.

Sauti ya kwanza ya ngoma yangu niliisikia usiku wa manane nikiwa kitandani: paa! Nikadhani paka kaangusha sufuria. Asubuhi nikaikuta ngozi imechanika kutoka kigingi hadi kigingi.

Gogo lenyewe ni la mparachichi wa zamani uliokuwa nyuma ya nyumba. Ulipokatwa, niliomba kipande cha shina kabla hakijawa kuni. Mjomba, aliyechonga mizinga na ngoma enzi za ujana wake, alilizunguka mara mbili akaguna. Yeye ni mtu wa mringaringa: mti mwepesi, hauna ugomvi na tezo. "Ila kama ndilo ulilo nalo, mpwa wangu, lichonge lingali bichi, halafu likauke polepole." Tukautoa moyo wake kwa makaa na patasi, tukapaka kinyesi cha ng'ombe kwenye vichwa vyote viwili, maana huko ndiko maji hutoka haraka na nyufa huanzia. Likakaa kona ya jikoni miezi miwili. Ulijitokeza ufa mmoja tu, mfupi kama kidole.

Ngozi ya mbuzi nilipewa na muuza nyama. Siku nne kwenye ndoo ya maji na majivu, hadi manyoya yakawa yanatoka kwa kusukuma na dole gumba. Harufu sitaieleza. Mke wangu aliihamishia ndoo nyuma ya choo, na alikuwa na haki.

Kosa nililifanya kwenye kuwamba. Niliivuta ngozi ikiwa imelowa, kwa nguvu zangu zote, nikidhani kukaza ndio ufundi. Kumbe ngozi ikikauka hujivuta yenyewe. Juu ya nguvu zangu ikaongeza zake. Tena nilianzia upande wangu, nikazunguka kigingi baada ya kigingi. Mwamba ngoma huvuta ngozi kwake: methali hii nimeisikia kwenye vikao vyote vya michango, kila mara akisemwa mweka hazina. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ameshika ngozi kweli, na kwamba angeweza kuwa mimi.

Ngozi ya pili aliiwamba mjomba: alipiga kigingi kimoja huku, cha pili ng'ambo yake. Akahamia pembeni, kisha ng'ambo tena. "Kama nati za tairi," akasema. Ngozi aliinyoosha tu, mikunjo ikaisha, basi. Jua halikutokea, kwa hiyo tuliiacha wiki nzima chini ya paa la jikoni, mbali na moto.

Leo nimeipiga. Bu. Nzito, kama gunia la viazi.

Mjomba hakusema neno. Aliwasha majani makavu ya mgomba uani, akaigeuzia ngoma kwenye mwali, umbali wa mkono, akawa anaizungusha na kuigonga kwa kidole. Bu. Bu. Du. Du. Di! Watoto wa jirani wakatokea kama walioitwa kwa jina. Nikaipokea, nikapiga hadi viganja vikawaka.

Manyunyu yakarudi. Haikupita muda ikaanza tena: bu.

"Ndiyo Tukuyu hiyo," mjomba akasema, akamtuma mtoto mkubwa akalete majani mengine.