Nilivyolilipa Deni Nililokopa ili Nitoe Sadaka

Nilikopa fedha ili nitoe sadaka, na kulimaliza deni hilo kulinichukua miezi 14.

Mhubiri aliyetutembelea kwa mikutano ya juma zima alifundisha kwamba Mkristo mwenye deni hulimaliza kwa kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka ya fedha akitarajia Mungu amzidishie, na kwamba mbegu isiyomuuma mpanzi haizai. Alisoma Malaki 3:10, akafika kwenye maneno "mkanijaribu kwa njia hiyo, asema Bwana wa majeshi", kisha akakaa hapo usiku wote. Wakati huo nilikuwa na deni dogo tu. Kwa kuwa sikuwa na mbegu ya kuniuma, nilimwendea mkopeshaji, nikachukua kwa riba kiasi kinachokaribia mishahara yangu miwili, nikakitia chote katika bahasha. Bahasha ilivimba hata haikufungika, nikaibana kwa kidole gumba mpaka nilipoiweka mbele ya madhabahu, huku nikibubujikwa na machozi ya furaha. Mwezi wa kwanza nilingoja. Wa pili nilifunga na kuomba. Wa tatu nilikopa kwa mtu mwingine ili nimlipe riba yule wa kwanza, na nilipolipeleka jambo hilo kwa mmoja wa waliotuhamasisha, alinijibu kwamba imani yangu ilitetereka njiani, kwa hiyo nipande tena. Jibu hilo linanikera hadi leo, kwa maana lilimtwika mzigo wa pili mtu aliyekwisha kulemewa na wa kwanza.

Usiku huo nilimweleza mke wangu yote. Hakunilaumu, alifungua 2 Wakorintho 8:12, anaposema Paulo kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Paulo alikuwa akichangisha kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, na hata kwa haja kubwa namna hiyo hakumtaka mtu atoe cha kukopa. Kisha tukasoma 2 Wafalme 4, habari za mjane ambaye mdai wake alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mafuta yale yaliyojaza vyombo, lakini sijasikia mhubiri akitulia kwenye mstari wa 7, Elisha anapomwambia auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Nabii hakumdai fungu lolote.

Tukanunua daftari, na juu ya jalada nikaandika Luka 16:2: "Toa hesabu ya uwakili wako." Wakili wa mfano ule, ambaye Kigiriki humwita oikonomos, yaani msimamizi wa nyumba, alishtakiwa kwa kutapanya mali isiyo yake, na ndivyo nilivyojiona. Kila tulichotumia kiliandikwa siku ileile. Tuliuza vitu kadhaa, tukapunguza matumizi, nikatafuta kazi ya ziada ya jioni.

Ndugu wengine walitushauri tusitishe utoaji wote mpaka deni liishe. Ushauri huo nao tuliukataa, na hapa ndipo tulipopata mbinu ninayoithamini kuliko zote. Mambo ya Walawi 19:9-10 humkataza mkulima asivune kabisa pembe za shamba lake, wala asiokote masazo, kwa kuwa hayo ni ya maskini na mgeni. Shamba langu ni mshahara. Basi siku ya malipo, kabla ya kugawa chochote, tulitenga kiasi kidogo, tukakiandika katika safu tuliyoiita "pembe", na hatukuruhusiwa kukigusa kwa haja zetu hata tulipobanwa. Ajabu ni kwamba safu hiyo ilitufundisha nidhamu katika safu nyingine, kwa sababu mtu aliyekwisha kuzoea kuacha pembe hashindwi kupita karibu na fedha bila kuzishika.

Kwa mkopeshaji nilikwenda siku tano kabla ya tarehe ya kulipa, na hili namsihi kila mwenye deni alifanye: usingoje akutafute. Nilimwekea daftari mezani. Alilisoma polepole akifuata mistari kwa kalamu, akafika kwenye "pembe", akauliza ni kitu gani, nami nikamweleza. Nilidhani atanitaka nimpe fedha hizo. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akakubali kusimamisha riba endapo nitalipa kila mwezi bila kukosa. Yule wa pili hakukubali kupunguza kitu, kwa hiyo tulimmaliza yeye kwanza.

Malipo ya mwisho tulikwenda kuyatoa pamoja, mimi na mke wangu. Mkopeshaji aliichana hati mbele yetu, akanirudishia vipande, kisha akaomba kuliona daftari tena, akanakili katika karatasi yake namna tulivyozipanga safu zetu.