Nilivyofuatilia vitu vinavyoleta pumu kwenye karakana yetu ya samani

Mi ni msimamizi kwenye karakana ya samani, mambo ya usalama yako chini yangu, na kilichonisukuma kuandika hii ni kikohozi. Mafundi kadhaa walikuwa wanakohoa usiku, mchana kazini wako freshi tu, na kila mmoja ana sababu yake, huyu baridi, huyu feni, yule anasema mafua yamegoma kutoka. Nikawa nawauliza kitu kimoja, ukiwa likizo kifua kinakuwaje? Karibu wote wakasema kinatulia, wakirudi kazini haipiti muda kinaanza tena. Hapo nikaona hili sio la hali ya hewa.

Watu wengi wanatarajia ukivuta kitu kibaya ukohoe hapohapo. Pumu ya kazini mara nyingi haiendi hivo, unaweza kufanya kazi na kitu miezi au hata miaka bila shida, alafu mwili unakikataa, na hata hapo kifua kinaweza kubana masaa kadhaa baada ya kuvuta, yaani ushafika nyumbani umelala. Ndo maana mtu analaumu baridi. Mara nyingi pua na macho vinatangulia, chafya na kuwashwa, kwaiyo kwenye maswali yangu nilianza na pua kabla ya kifua.

Lakini kabla ya maswali yenyewe nilimfuata bosi. Fundi akijua akisema anakohoa atapoteza kazi hatosema, na tathmini yako yote itakuwa ya uongo hata ukiwa na vifaa vya aina gani. Nikamwambia nataka akae mbele ya watu aseme mwenyewe kwamba atakaesema anaumwa atahamishiwa kazi nyingine, hatofukuzwa. Akakubali, akasema mbele ya wote. Bila hiyo siku nisingepata kitu.

Alafu nikaanza na karatasi. Kila kopo la kemikali linatakiwa kuja na karatasi ya usalama, nikaziomba zote kwa wauzaji, vanishi, gundi, thina, hadna (ile ya kuchanganya na vanishi ili ikauke ngumu), na nilichokuwa natafuta ni alama H334. Hiyo inamaanisha kitu kikivutwa kinaweza kuleta aleji ya njia ya hewa au pumu. Thina haikuwa nayo, japo ndo inayonuka mpaka nje. Ilikuwa kwenye hadna ya vanishi ya kuchanganya, ambayo ndani yake kuna kemikali inaitwa isosayaneti, na isosayaneti ni moja ya vitu vinavyojulikana sana duniani kwa kuleta pumu kazini. Ubaya wake huisikii harufu mpaka iwe imeshapita kiwango cha hatari, kwaiyo fundi anapima hatari kwa harufu ya thina wakati kitu chenyewe kiko kimya. Sasa karatasi zina mwisho wake pia, mbao haiji na karatasi. Vumbi tunalitengeneza sisi wenyewe kwa msumeno na msasa, na zipo mbao zinazojulikana kuleta pumu, mvule mmojawapo, mwerezi mwekundu wa Marekani mwingine. Kwaiyo mtu anaetegemea karatasi tu anaacha nusu ya tatizo nje.

Watafiti wana majedwali yao, unaingiza kazi ya mtu jedwali linakwambia huenda anakutana na nini. Kwa utafiti wa watu maelfu ni kitu kizuri sana. Kwangu halikunisaidia, maana kwetu kila mtu anaitwa fundi, na fundi huyohuyo asubuhi anapiga randa mchana anapuliza vanishi. Nikaachana na vyeo nikawa nasimama tu naangalia mikono, nani anagusa nini, kwa dakika ngapi, uso wake uko wapi wakati huo. Hii ndo sehemu iliyonipa majibu mengi kuliko zote, na mtu yeyote anaweza kuifanya bila hela.

Kitu kingine kilichonisaidia ni tochi kali. Unazima taa, unaiweka nyuma ya mtu anaefanya kazi, wewe unaangalia kutoka mbele bila kuitazama tochi yenyewe, na lile vumbi laini ambalo kwa mwanga wa kawaida halionekani unaliona linapanda mpaka puani kwake. Nilimwita bosi aone. Aliyekuwa kwenye wingu kubwa kuliko wote hakuwa fundi wa mashine, alikuwa ni mama wa usafi, anafagia kavu jioni, na baada yake kijana anaepuliza nguo zake kwa upepo wa kompresa kabla ya kwenda nyumbani. Hao wawili hakuna orodha yoyote ya kazi za hatari iliyokuwa na majina yao.

Baada ya hapo ndo tukaleta mtu wa vipimo. Pampu ndogo inakaa kiunoni, kichujio kinabanwa kwenye kola, kisizidi sentimita 30 toka pua na mdomo, hewa inavutwa lita 2 kwa dakika zamu nzima, kichujio kinaenda kupimwa uzito. Nilikuwa nalinganisha na viwango vya Uingereza, vumbi la mbao ngumu miligramu 3 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa masaa 8, isosayaneti 0.02, na 0.07 kwa dakika 15. Wastani wa zamu ya mama wa usafi ulikuwa chini ya kiwango! Bosi akafurahi, mi sikufurahi, maana yeye anafagia muda mfupi tu, masaa mengine yuko nje ya vumbi, na ule wastani umemwagia hewa safi ya siku nzima juu ya zile dakika mbaya. Tena kwa vitu vya aleji, mtu ambaye mwili wake umeshakataa, kidogo sana kinamuamsha hata ukiwa chini ya kiwango. Kwaiyo nikaomba kipimo cha dakika za kufagia peke yake, na hicho kilikuwa juu sana.

Kwenye chumba cha kupuliza tulitumia mashine ya moshi, unajaza chumba moshi alafu unahesabu hewa inachukua muda gani kusafika. Mafundi walikuwa wanavua barakoa wakizima tu bunduki ya rangi, kumbe ule ukungu usioonekana bado upo. Na wengine walikuwa wanainua kioo cha uso katikati ya kazi waone vanishi imekaaje. Tukapima pia mkojo wao mara tu wakimaliza kupuliza, maana mabaki ya isosayaneti yanatoka mwilini ndani ya masaa machache ukichelewa huyakuti, na yalikuwepo.

Waliokuwa wanakohoa niliwapeleka kwa daktari, kusema nani ana pumu sio kazi yangu. Daktari akawapa kile kifaa cha kupuliza cha kupima nguvu ya pumzi, mara 4 au zaidi kwa siku, kila mara unapuliza mara tatu unaandika ile kubwa, kwa wiki 4, na siku za mapumziko zikiwemo. Hizo siku za mapumziko zisirukwe, bila hizo huna cha kulinganisha. Wawili grafu zao zilishuka siku za kazi zikapanda wakiwa nyumbani, wamehamishiwa stoo na ofisini, mshahara uleule.

Sasa hivi kufagia kavu hakuna, kuna mashine ya kunyonya vumbi yenye kichujio cha uhakika, upepo wa kompresa kwenye nguo marufuku, misumeno na misasa imefungwa mabomba ya kunyonya, na anaepuliza anavaa barakoa ya kuletewa hewa ya bomba mpaka ule muda tuliopima na moshi uishe. Vanishi isiyo na isosayaneti tunaijaribu kwenye makabati ya ndani, kwenye meza bado haijakaa vizuri. Fundi mpya wa kupuliza anaulizwa maswali siku ya kwanza, wiki ya 6, wiki ya 12, alafu kila mwaka. Na ikija mbao tusiyoizoea au hadna mpya, haiingii ndani mpaka niwe nimeiangalia.