"Nataka iruke, fundi": siku moja maishani mwangu, Bondeni, Mombasa

Watu wakisikia kazi yangu ni kurekebisha skuta ziondoke kwa nguvu kutoka kusimama, moja kwa moja wanafikiria vijana wanaofukuzana usiku barabara zikiwa tupu. Hao wapo, na pesa yao naipokea. Lakini wengi wanaokuja kwangu ni kina mama wa biashara, wapeleka chakula na wazee wa Mji wa Kale. Shida yao ni moja: taa ikigeuka kijani, wasipigiwe honi na matatu iliyowagandia mgongoni.

Saa moja asubuhi. Kabla ya kufungua gereji napitia kwa sonara mmoja mzee, jirani yetu wa zamani, ambaye huanza kazi jua halijawa kali. Nina rola mpya mfukoni, vile vipande vya mviringo vya ndani ya puli ya skuta, boksi limeandikwa gramu 10. Mzee anatandika karatasi juu ya mizani kwanza, maana hataki grisi yangu iguse sahani ya dhahabu. Napima moja moja kwa kibano chake. 10.1. 9.9. 10.0. Ya nne, 9.4. Ananitazama juu ya miwani: "Umeuziwa hewa, mwanangu." Hiyo naitenga. Rola sita zisipolingana, nyingine hubeba kazi ya wenzake, zikalika upande, na skuta ikaanza kutetemeka.

Saa mbili nimefungua. Juu ya stendi kuna skuta iliyolala hapa tangu jana, ya mama mmoja wa Likoni anayevusha mahamri na mbaazi kuleta kisiwani. Malalamiko yake nayajua kwa moyo: maji yakiwa kupwa, ule mwinuko wa kutokea feri unakuwa mkali, na skuta yake ya 125 ikisimamishwa katikati na gari la mbele haiondoki tena. Anashuka, anasukuma na ndoo zake, watu wa miguu wanampita huku na huku, madereva wanamtukana. Wiki hii ni maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana, na bamvua hapa kwetu kupwa huangukia mishale ya saa nne na tano, asubuhi na usiku. Nimemwahidi kwamba saa nne na nusu nitakuwa pale feri naijaribu mwenyewe.

Nafungua kifuniko cha ubavuni, bolti za namba 8 zote zimeshika kutu ya chumvi. Ndani vumbi jeusi la mkanda, na chini yake unyevunyevu wa mafuta. Basi, tatizo nimelipata kabla ya kugusa rola. Sili ya shafti inavuja, mafuta yanarukia mkanda, mkanda unateleza. Pedi za klachi nazo zinang'aa kama zimepigwa rangi. Fundi mwenye haraka angemuuzia rola nyepesi hapohapo, na skuta ingeendelea kuteleza, ila kwa kelele zaidi. Sili mpya, mkanda mpya, kila kitu kioshwe kwa petroli kikauke, pedi na kikombe cha klachi vipigwe msasa mpaka mng'ao uondoke. Ndipo rola.

Kwa asiyejua: skuta haina gia za kukanyaga. Ina mkanda unaopita kwenye puli mbili, na puli ya mbele ndani yake mna zile rola. Injini ikizunguka, rola hurushwa nje, zikaibana puli, mkanda ukapanda, na hapo ndipo gia inapokuwa imebadilika. Rola nzito hupandisha mkanda mapema, injini haijashika nguvu, skuta inatambaa. Nyepesi huchelewesha. Hamali wa mkokoteni akifika kwenye mwinuko hupunguza urefu wa hatua, akaenda fupifupi za haraka. Basi rola nyepesi ndiyo kazi yake hiyo. Nguvu sijaongeza hata chembe, nimezipeleka pale zinapotakiwa, na malipo yake ni petroli.

Nilikuwa nimefika hapo, mikono myeusi mpaka viwikoni, saa tatu haijagonga, alipoingia kijana wa Tudor.

Ana skuta ya 150 ya Kichina, safi, vioo amevitoa (sijui kwa nini wote huanza na vioo). Mkononi ana bahasha aliyoagiza mtandaoni: rola za gramu 8, springi kubwa ya puli ya nyuma iliyo ngumu kupita zote, na springi ndogo za klachi ngumu vilevile. "Fundi, nataka iruke. Nitie vyote."

Namwambia subiri, nina kazi ya mtu. Anasema dakika kumi tu, ana mtu anamngojea. Mkufunzi wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mteja wa dakika kumi ndiye mteja wa siku nzima, lakini kodi ya gereji mwezi huu bado haijatimia. Nikaishusha skuta ya mama.

Nafungua ya kijana. Rola za kiwandani, gramu 13, zimelika upande mmoja, zimekuwa na uso bapa. Namwonyesha. "Hizi tu ndizo zinazokuchelewesha. Nikutie mpya za 11, springi kubwa ngumu kidogo, za klachi tuziache, utaona tofauti." Ananitolea simu. Video ya watu wa Thailand, skuta inainua tairi la mbele. Namuuliza kama ameona injini iliyotiwa mle ndani. Hajaona. Namweleza kwamba injini yake nguvu zake ziko kwenye mizunguko elfu saba na kitu kwa dakika, ukiisukuma kupita hapo inalia tu. Kwamba springi ngumu za klachi zinazuia klachi isishike mpaka injini ipige makelele, kisha inashika kwa kishindo. Kwamba springi kubwa ikizidi ugumu inaubana mkanda ukachemka. Anaitikia kwa kichwa mpaka mwisho. "Sawa fundi. Lakini nitie tu."

Nikamtia. Nati ya variata, ile puli ya mbele, nikaikaza kwa spana ya kupima, maana ile ikilegea inakula meno ya shafti na hapo ni kushusha injini nzima. Akaondoka kuelekea Mwembe Tayari. Nilimsikia mpaka akapotea, kelele kama ya mashine ya kusaga, mwendo wa baiskeli.

Akarudi. "Inalia haiendi."

Kifuniko tena. Bolti zote tena, moto safari hii, unazishika kwa kitambaa. Kikombe cha klachi kilikuwa kimeanza kugeuka rangi ya samawati. Nikatoa springi ndogo nikarudisha zake za zamani. Akajaribu: inaondoka, lakini ikifika katikati inakata tamaa. Akasema labda kabureta. Akataka tubadilishe jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli. Nikatoa plagi nikamwonyesha, imekaa rangi ya kahawia safi, mchanganyiko hauna kosa, usiguse. Akampigia simu rafiki yake, akaniwekea spika. Rafiki naye ni fundi, ati, wa kompyuta. Anashauri rola zipakwe grisi ziteleze vizuri. Grisi! Ndani ya nyumba ya mkanda! Hapo nilisimama nikaenda kunywa maji.

Nikatazama saa: tano na robo. Kupwa imenipita, maji yameanza kurudi. Mama wa mahamri alishapiga simu, na sauti yake haikuwa ya kulaumu, ambayo ni mbaya zaidi. "Haya mwanangu, Mungu akijaalia." Nikamwambia usiku, bila kukosa, amtume kijana wake aje baada ya Isha.

Kwa skuta ya kijana nilichofanya mwisho ni kile ambacho ningefanya tangu asubuhi, ila kwa rola nilizokuwa nazo: tatu za 10 na tatu za 12, nimezipanga moja nyepesi moja nzito kwa kuzunguka, zikawa kama sita za 11. Springi kubwa nikamtia ya kati. Akaenda mpaka Makadara na kurudi. Safari hii aliposimama alikuwa anacheka, na skuta haikuwa inapiga kelele. Nikadhani yamekwisha. Kumbe bei bado. "Fundi, si umebadilisha rola tu?" Kifuniko kimefunguliwa na kufungwa asubuhi nzima, jasho limeingia machoni, na huyu anahesabu rola. Alilipa nusu, nusu nyingine kwa simu "jioni".

Mchana sina la kuandika. Wali na maharage nimesimama, Adhuhuri, joto lile la Mombasa ambalo hata spana inateleza mkononi. Plagi mbili tatu, breki ya mzee mmoja, tuktuk iliyotaka kuniazima pampu ikakaa nayo. Alasiri nikarudi kwa skuta ya mama, nikafanya pole pole, na yale niliyoyafanya sitayarudia hapa. Rola nikapunguza gramu moja na nusu tu. Springi kubwa, ngumu hatua moja. Za klachi sikugusa: mtu wa ndoo za mbaazi hataki kurushwa.

Usiku, sijui ilikuwa saa ngapi barabara, nadhani nne imepita, mimi na mtoto wa yule mama tuko ndani ya feri, miguu inaniuma. Tumefunga madumu mawili ya maji nyuma, lita 20 kila moja, yashike nafasi ya ndoo. Upande wa Likoni mlango ukashushwa, maji yako chini kabisa, mwinuko umesimama kweli. Nikamwambia mtoto, panda mpaka katikati, simama, weka miguu chini, usubiri nikuambie. Nyuma yake matatu ikaanza honi. Nikasema haya.

Ikapanda. Haikuruka, haikulia, ilivuta tu, madumu na yeye, mpaka juu penye mihogo ya kuchoma. Nilimfuata kwa miguu nikihema. Nikampa maneno ya kumpelekea mamake: petroli itaongezeka kidogo, asishtuke; mkanda auonyeshe tena baada ya kilomita elfu nne; na mtu yeyote akimwambia apake grisi, amfukuze. Akalipa yote, pamoja na mahamri mawili ndani ya karatasi.

Kurudi kisiwani nilivuka kwa miguu, bure. Simu ikalia katikati ya maji, kijana wa Tudor. Nusu ya pesa? Hapana. Anauliza kesho nikimrudishia ile springi ngumu ya kwanza itakuwa shilingi ngapi. Nikamwandikia: deni kwanza, halafu kufungua kifuniko, halafu springi.