Acha make imalize kazi yake

Kijana anayefanya mazoezi ya kazi dukani kwangu hapa Arua ana mkono mwepesi kwenye Ctrl+C, vitufe vya kusimamisha programu. Tukiendesha make, programu inayosimamia ujenzi wa programu kutoka kwenye msimbo, akiona tu neno "warning" (onyo) kwa rangi ya zambarau, anakata. Naandika haya ili nisiyarudie kila anapokuja mwanafunzi mpya, maana wote huja na hofu ileile.

Kazi yenyewe ilikuwa diski ya terabaiti 2 ya mtangazaji wa redio. Aliiformati kwenye kompyuta mpya ya kazini kwao, yenye e2fsprogs 1.47 (mkusanyiko wa programu za kuformati na kukarabati diski za Linux), akaijaza vipindi vyake, kisha ikaanza kugoma kufunguka. Kompyuta yetu ya dukani inatumia Ubuntu 22.04, na huko e2fsprogs ni 1.46.5. Tulipoita e2fsck, programu ya mkusanyiko huo inayokagua diski, ikatujibu kwamba diski ina kitu kinachoitwa FEATURE_C12 ambacho haikijui, tukatafute e2fsck mpya zaidi. Mwenye diski akashika kichwa. Lakini C12 si ugonjwa. Ni kipengele cha orphan_file, ambacho mke2fs, programu inayoformati, ilianza kukiwasha yenyewe katika toleo la 1.47.0 la Februari 2023. Ni kama fundi wa zamani aliyepewa daftari lenye ukurasa asioujua, akakataa kuligusa, na kwa kweli amefanya vizuri.

Basi tukashusha msimbo wa e2fsprogs mpya kutoka kernel.org kwa hotspoti ya simu (tar.xz yake haifiki megabaiti 10), tukaufungua, tukatengeneza folda ya build ndani yake, tukaendesha ../configure na make. e2fsprogs hujengwa kimya kimya: kila faili hupata mstari mmoja mfupi, herufi CC na jina lake. Ndiyo maana onyo likitokea linashtua. Na hapo ndipo kijana alipokata.

Jambo la kwanza nililomwambia ni rangi. GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, huandika onyo kwa zambarau na kosa kwa nyekundu. Kosa likitokea, make husimama yenyewe. Haihitaji msaada wako.

La pili ni mkia wa mstari. Karibu kila onyo huishia na jina lake ndani ya mabano ya mraba, linaloanza na -W. Hilo ndilo la kusoma, kabla hata ya maneno yaliyotangulia. Na programu za mifumo ya faili zina majina yanayojirudia, kwa sababu inayoeleweka kabisa ukijua diski inavyoandikwa.

Chukua -Wstringop-truncation, lililokuja na GCC 8 mwaka 2018. Katika C, lugha ya msimbo huu, neno hufungwa kwa baiti ya sifuri ili programu ijue limeishia wapi. Lakini ext4, mfumo wa faili wa diski hii, imeitengea lebo ya diski baiti 16 tu, na sheria yake ni kwamba lebo ikijaa, sifuri haihitajiki. Ile diski ya mtangazaji ilikuwa na lebo MAKTABA-YA-REDIO. Nikamwambia kijana ahesabu: herufi na vistari, 16 kamili. Hakuna nafasi ya sifuri, na diski haina kosa lolote. Kompaila inaona strncpy, amri ya kunakili maneno, ikijaza nafasi yote bila kufunga, inapiga kelele. Kwa neno la kawaida ingekuwa na haki. Kwa lebo ya ext4 haina, na waandishi wa programu wanaweza kuitaarifu kwa alama ya nonstring ili inyamaze.

Lingine ni -Wformat-truncation. Programu inasoma majina ya vifaa kwenye folda, inaunganisha "/dev/" na jina, inaweka kwenye nafasi ndogo. GCC inajua jina la faili linaweza kufika baiti 255, kwa hiyo inaonya kwamba halitaenea. Nani amewahi kuona kifaa chenye jina la herufi 255? Ni sda1, sdb2, nvme0n1p3. Na hata likizidi, snprintf, amri inayoliandika pale, hukata. Haimwagiki nje ya chombo.

-Wunused-result linataka jicho kidogo. Maana yake mtu ameita amri kama write(), ya kuandika data, bila kuangalia kama imefaulu. Ubuntu hulionyesha zaidi kwa kuwa GCC yake imewashiwa ulinzi wa _FORTIFY_SOURCE tangu mwanzo. Debian inaweza kukaa kimya kwa msimbo uleule. Likitoka sehemu inayochapisha maelezo ya msaada, mimi napita. Likitoka sehemu inayoandika kwenye diski, nafungua faili nikasome.

Ambalo silipiti kamwe ni -Wimplicit-function-declaration. Hapo kompaila imekutana na funksheni isiyoijua, ikakisia kwamba inarudisha int, yaani biti 32. Kama kweli inarudisha pointa (anwani ya kumbukumbu) ya biti 64, nusu imekatwa, na programu itaanguka au itagusa kumbukumbu isiyo yake. GCC 14 ya mwaka 2024 imelifanya kuwa kosa. Sisi bado tuna GCC 11, inakuonya tu na kuendelea. Kwa hiyo tunajenga hivi, tukihifadhi yote yanayochapishwa kwenye ujenzi.log, kisha tukilitafuta humo neno implicit:

make 2>&1 | tee ujenzi.log
grep implicit ujenzi.log

Kuna pia "Clock skew detected", ambalo si la kompaila bali ni la make. Kwetu hili ni la kila wiki: umeme unakatika, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imekufa, saa inarudi miaka nyuma, na mafaili yanaonekana yametoka siku zijazo. make hupanga kazi kwa tarehe za mafaili, kwa hiyo inaweza kuruka faili lililopaswa kujengwa upya. Rekebisha saa, make clean, anza tena.

Baada ya hapo endesha make check. Majaribio yake ni mamia, kila moja likimaliza kwa "ok", na hayo yana uzito kuliko maonyo yote. Lakini usiendeshe make install! Programu nyingi hujiweka /usr/local, e2fsprogs kwenye Linux hulenga /usr moja kwa moja, juu ya ile ya Ubuntu. Sisi tunaiita palepale ilipojengwa.

Tulinakili diski nzima kwa ddrescue, tukaanza na ./e2fsck/e2fsck -fn isiyoandika chochote, ndipo tukaiachia irekebishe. Imepita hatua zote tano. Mafaili machache yameangukia lost+found bila majina, ni alama ya # na namba tu, na mtangazaji ameyachukua akayasikilize moja moja ajue ni vipindi gani.