Siku Nyanya Alipomwona Kimathi Amesimama

Nyanya aliletwa Nairobi kutibiwa macho mwaka 2007, miezi michache baada ya Rais Mwai Kibaki kuzindua sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau waliopigana msituni na Waingereza. Matibabu yalipokwisha, nikamwambia twende steji tupande gari la Nyeri. Akakataa.

"Nipeleke kwa Kimathi kwanza."

Tulifika pale Mtaa wa Kimathi unapokutana na wa Mama Ngina, karibu na Hilton. Ilikuwa saa saba mchana, watu wa maofisini wakipishana kwenda kula, na vijana wenye kamera wakitafuta wateja. Nyanya aliwapita wote. Alisimama chini ya sanamu akainua kichwa, akaanza kumkagua kutoka miguuni kwenda juu, kila kitu akikitaja kwa sauti: magwanda, kisu mkono wa kushoto, bunduki mkono wa kulia, nywele zilizosokotana.

"Amesimama," akasema. "Mimi nilimwona amelala."

Kimathi alipigwa risasi ya mguu akakamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Waingereza wakaisambaza picha yake akiwa chali kwenye machela, mikono imetiwa pingu, ili watu waone kwamba mambo yamekwisha. Nyanya alikuwa msichana, ndani ya vile vijiji vya hali ya hatari ambavyo watu walihamishiwa kwa nguvu kuanzia 1954, vilivyozungushiwa mahandaki na kuwekewa kafyu. Ngati, wale walinzi Waafrika waliowatumikia Waingereza, waliwapanga foleni, picha ikapitishwa mbele ya uso wa kila mmoja. Anakumbuka waliamriwa waitazame vizuri.

Miezi minne baadaye, tarehe 18 Februari 1957, Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti. Na kwa nusu karne, Kimathi pekee aliyekuwa kichwani mwa nyanya ni yule wa machela. Hata kumtaja aliogopa, maana Mau Mau ilibaki imepigwa marufuku hadi 2003, miaka arobaini ya uhuru. Nilipokuwa mdogo alimwita "yule wa msituni" tu, na alianza kwa kuchungulia mlangoni. Wapo wanaosema sanamu ni kupoteza pesa za umma. Siku ile nilisikia nyanya akilitamka jina hilo katikati ya jiji, kwa sauti yake kamili, na tangu hapo hoja yao haijawahi kuniingia.

Tulimwita kijana mmoja atupige picha. Nyanya akamwamuru arudi nyuma, arudi tena, mpaka miguu ya Kimathi ionekane yote.

Kisha akanigeukia. "Na kaburi lake liko wapi?"

Nikamwambia alizikwa Kamiti, lakini mahali penyewe hapajulikani.

"Panajulikana!" Wapita njia waligeuka. "Mzungu alikuwa anaandika kila kitu. Kuku wetu aliwaandika, mbuzi wetu aliwaandika. Mtu aliyemwogopa hivyo, atakosaje kuandika alipomfukia?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliziomba serikali zetu mifupa ya mumewe kwa miaka mingi. Alifariki Mei 2023, akazikwa bila kuonyeshwa kaburi hilo. Karatasi hiyo ya Mzungu itafutwe, iwe imefungiwa Nairobi au London.