Usiku wa 641

Ilikuwa Wete, msimu wa karafuu, kabla waya wa umeme kutoka Tanga haujafika Pemba. Mwanga wa chemli ulitosha ubao tu. Maalim aliandika 4294967297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1.

“Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini hii ni namba tasa, kama 257 na 65537. Mwaka 1732 mwanahisabati mwenzake, Euler, akaipatia kigawo. Haya wanangu, kipateni na nyinyi.”

Kalkuleta ilikuwa moja, ya tarakimu 8. Mwenzetu akazidisha 65536 kwa 65536, kioo kikatoa herufi E na tarakimu za mwanzo tu. Jibu lina tarakimu 10, halienei, na kwa kazi hii zile za mwisho ndizo zinazotakiwa.

“Ya nini kuibeba namba nzima?” akasema Maalim. “Bebeni baki.”

Kwanza akatupunguzia safari: kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 64. Kwa hivyo 3, 7, 11 na wenzao nje. Zinazostahili kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, 641. Zilizo baina yao, kama 129 na 321, si tasa. Kwa kila moja, gawa 65536 uchukue baki, zidisha baki kwa yenyewe, chukua baki tena, ongeza 1. Ukirudi kwenye namba uliyogawia, ndiyo yenyewe. Kwa 193 tulipata 109, kwa 257 tukapata 2, kwa 449 ni 325, kwa 577 ni 288.

Kwenye 641 tukateleza. Kalkuleta ilitoa 102.24024. Mwenzetu akazidisha zile desimali kwa 641, ikatoka 153.99384, akaandika 153. Mwisho wa hesabu ukawa 334, na tayari tulikuwa tunaelekea 769.

“Rudini! Desimali imekatwa mkia, haiaminiki. Shikeni 102 nzima, mzidishe, mtoe.”

102 kwa 641 ni 65382. Ukiitoa kwenye 65536, inabaki 154. 154 kwa 154 ni 23716, na ndani yake 641 imo mara 36, yaani 23076. Baki 640. Ongeza 1.

641! Tulipiga kelele mpaka waliokuwa wakichambua karafuu uwani wakaja kuchungulia.

Maalim hakuridhika. Alitaka na kigawo cha pili, yaani tugawe 4294967297 kwa 641, kwa mkono, ubaoni. Hapo ndipo penye mtego: baada ya kuandika 6 na 7 kwenye jibu inabaki 2. Ukishusha 6 unapata 26, ukishusha 7 unapata 267, na zote hazifiki 641, basi sifuri mbili lazima ziandikwe. Wawili wetu waliziruka wakapata 67417. Maalim akafuta kwa kiganja, tukaanza upya, sifuri, sifuri, 4, 1, hadi ikabaki 4487, ambayo ni 641 mara 7 kamili. Ubaoni pakasomeka 6700417.